Tairi la 28 lisiloingia kwenye rimu ya 28: magurudumu ya safari ndefu, Njoro hadi Busia

#1 Mwalimu wa Njoro

Wadau, habari za jioni. Nimesoma hapa kimyakimya kwa muda mrefu. Leo nina jambo linalonisumbua tangu likizo ya Aprili.

Nina baiskeli ya mtumba kutoka Ulaya. Fremu ni ya chuma, gia tatu mbele na nane nyuma, keria mbele na nyuma. Niliipenda siku niliyoiona. Matairi yake yameandikwa 700 x 32C, saizi ambayo watu huiita 28. Aprili niliipakia hema, nguo na sufuria moja, nikatoka Njoro kwenda Kisumu kupitia Molo na Kericho. Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya pili nimeshayaacha mashamba ya chai, joto la chini limeanza kunipokea, nimepita Awasi, nikasikia mlio kama wa bunduki. Ubavu wa tairi la nyuma ulikuwa umechanika urefu wa kidole. Nilikuwa na tyubu mbili na viraka, lakini tairi la akiba sikubeba. Nikajiambia Ahero iko mbele, na uwanda wote wa Kano watu wanaendesha baiskeli. Tairi la 28 litakosekana vipi?

Halikukosekana. Fundi wa kwanza alikuwa nayo matatu yananing'inia. Akanishushia moja jipya limeandikwa 28 x 1½. Liliingia kwenye rimu kwa mikono mitupu bila kijiko cha kuvalishia tairi, na mimi nikafurahi kwa ule wepesi. Tulipotia upepo likaruka upande mmoja, tyubu ikatoka nje kama ulimi, ikapasuka. Tukajaribu tena kwa upepo kidogo, ikawa vilevile. Fundi alinirudishia pesa yangu yote bila kuombwa, na namshukuru mpaka leo. Niliingia Kisumu kwa matatu, baiskeli ikiwa imefungwa juu.

Desemba nataka kuirudia safari na kuirefusha: Molo, Londiani, Fort Ternan, Muhoroni, Kisumu, kisha Chavakali, Kakamega, Mumias hadi Busia, na kurudi Kisumu kwa njia ya Ugunja na Maseno. Lami kwa sehemu kubwa, lakini nataka nikiona njia ya udongo inayopita katikati ya miwa niingie bila hofu.

Swali langu: nibaki na baiskeli hii nitafute matairi bora, au niijenge upya ile fremu kuukuu ya baiskeli ya milimani iliyo stoo kwangu, ya magurudumu ya 26? Nimeona watu wakisema kila aina ya neno. Nataka mtu anieleze kwa sababu.

#2 Fundi Kibuye

Pole mwalimu. Fundi wa Ahero hakukudanganya na wewe hukusoma vibaya. Neno 28 ndilo lililowapoteza nyote wawili.

Hiyo 28 haipimi kitu unachoweza kukishika leo. Zamani ilikuwa kipimo cha tairi zima kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje. Matairi yakapunguzwa na kuongezwa unene, kila nchi ikaenda na rimu yake, jina likabaki palepale. Ndiyo maana leo kuna 28 zaidi ya moja sokoni, na hazivaani.

Acha inchi. Lisugue tairi kwa kitambaa chenye maji, utafute ubavuni tarakimu ndogo zenye kistari katikati. Kwenye lako utaona 32-622. Kwenye lile la Ahero, kama lilikuwa la Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, kama ninavyoamini, palikuwa na 40-635. Tarakimu ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita. Ya pili ndiyo yenye neno: ni kipenyo cha rimu pale waya wa tairi unapokaa. Utaratibu huu ni wa ETRTO, shirika la Ulaya la viwango vya matairi na rimu, na sasa ni kiwango cha kimataifa, ISO 5775. 

Sasa toa 622 kwenye 635. Unabaki na milimita 13. Zinaonekana kidogo, lakini ukizizungusha, waya wa tairi la Black Mamba ni mrefu kuliko mzunguko wa rimu yako kwa sentimita 4 na zaidi. Waya ule ni chuma, hautanuki wala hausinyai. Ndiyo maana lilikuingilia kwa mikono mitupu. Tairi likiingia hivyo kwenye rimu, usiendelee kutia upepo. Wepesi ule ulikuwa onyo. Na ukijaribu kinyume chake, la 622 kwenye rimu ya 635, halipandi hata ukivunja vijiko vyote.

Huku kwetu 635 ipo kila mahali kwa sababu Black Mamba iko kila mahali: maziwa, mkaa, mitungi ya maji, mgonjwa kwenda hospitali. Busia ndiko baiskeli hizi zilikopata jina la boda boda, zikivusha watu na mizigo kati ya mpaka na mpaka kabla pikipiki hazijachukua kazi. Kwa hiyo ukiomba 28 popote kutoka Muhoroni hadi Busia, utapewa 635, na anayekupa atakuwa amekupa 28 halali kabisa.

26 nayo ina mtego, usije ukaruka kutoka shimo hili ukaingia lile. Ya baiskeli za milimani ni 559. Ile ya baiskeli za zamani za akina mama, zenye fremu iliyoinama, ni 590, na huandikwa 26 x 1⅜. Kanuni ninayowapa vijana wangu: 26 ikiwa na nukta, kama 1.95 au 2.0 au 2.125, ni 559. Ikiwa na sehemu, kama ⅜ au ½, simama, tafuta tarakimu tatu. Hiyo 26 x 1½ ya Wafaransa wa kale ni 584, na 584 hiyohiyo leo inauzwa kwa jina la 27.5. 

Mtu akinipigia simu amekwama njiani, namwambia usinitajie inchi. Nisomee tarakimu tatu.

Kuhusu swali lako, mimi ningejenga ya 26. Ila wasikilize na wengine kwanza.

#3 Bonde la Ufa

Fundi, asante kwa somo. Na 29 ya baiskeli mpya za milimani ni ipi basi?

#4 Fundi Kibuye

622. Ileile ya mwalimu. Wameipa jina lingine kwa sababu tairi lake ni nene, basi likivaliwa gurudumu linakaribia inchi 29. Kwa hiyo tairi la 29 litakaa kwenye rimu ya mwalimu bila shida. Swali ni kama litapita kwenye fremu yake, maana mengi ni ya milimita 50 na kuendelea.

#5 Nyar Kisumo

Mwalimu, karibu sana. Mimi niko Milimani hapa Kisumu, na nimezunguka ziwa mara tatu: Kisumu, Bondo, Luanda Kotieno, feri hadi Mbita, Homa Bay, Kendu Bay, Katito, Ahero, nyumbani. Nitasema jambo ambalo wanaume warefu huwa hawalifikirii.

Mimi ni mfupi, futi 5 na inchi 2. Baiskeli yangu ya kwanza ya safari ilikuwa ya 622. Fremu ndogo ikiwekewa gurudumu kubwa, gurudumu la mbele linakuja karibu na pedali. Nikikata kona kwa mwendo mdogo kidole cha kiatu kinagusa tairi, au madigadi. Barabarani kwa kasi huoni tatizo, kwa sababu kwa kasi hukati usukani kiasi hicho. Tatizo ni pale unapopanda mlima polepole, umepakia, unayumba kukwepa shimo. Niliangukia hivyo kwenye mwinuko wa Kisian, lori likiwa nyuma yangu. Dereva alisimama. Sitaki kukumbuka kama asingesimama.

Nikahamia 559 na jambo hilo likaisha siku hiyohiyo. Kwa mtu wa kimo kidogo hili halina mjadala. Mwalimu hujatuambia urefu wako.

La pili ni unene. Ulikuwa na 32 na mzigo wa hema! Ndugu yangu, 32 ni ya mtu anayekwenda kazini na mkoba. Tairi jembamba linabeba mzigo kwa kutiwa upepo mwingi, na upepo mwingi unalifanya gumu, na likiwa gumu kila jiwe linalipiga ubavuni badala ya kulikunja. Mimi natumia 50 mbele na nyuma. Mwanzoni niliogopa kuwa nitakuwa mzito, lakini kwenye lami iliyochakaa, ile yenye kokoto zilizotokeza, 50 yenye upepo wa wastani inanipeleka vizuri kuliko 32 ngumu, kwa sababu tairi linameza mitikisiko ambayo zamani ilikuwa inaninyanyua mimi na mzigo wangu wote. Kule kunyanyuliwa kunakula nguvu zako, na jioni unaisikia kwenye viganja.

#6 Bonde la Ufa

Nakubaliana na dada kuhusu unene, lakini naomba niitetee 622 kidogo, maana naona inahukumiwa kwa kosa la 32.

Gurudumu kubwa linavuka shimo vizuri zaidi. Lile dogo linatumbukia, kubwa linapita juu. Lami ya Nakuru kwenda Mau Summit imebebeshwa malori mpaka ikajikunja mifereji, na pembeni kuna ngazi kati ya lami na udongo. Hapo 622 inanitunza. Tena matairi mazuri ya safari yanazidi kutengenezwa kwa 622, na yale ya 559 yanapungua mwaka hadi mwaka tangu baiskeli mpya za milimani zihamie 27.5 na 29. Unachokipata sokoni kwa 559 mara nyingi ni cha bei ya chini, meno makubwa, mpira mgumu.

Mimi ni wa futi 6, na ninaendesha 42-622. Nabeba tairi moja la akiba lililokunjwa, lile ambalo badala ya waya lina uzi wa sintetiki ukingoni. Linakaa chini ya mfuko kama gazeti. Nimevuka Uganda nalo bila kulifungua. Kama mwalimu angelibeba Aprili, mjadala huu usingekuwepo.

#7 Mkulima wa Miwa

Mimi natoka upande wa Chemelil. Nyote mnazungumza lami, na mwalimu amesema anataka kuingia katikati ya miwa.

Udongo wetu mweusi ukinyeshewa haukuchafui tu, unakufunga. Unapanda na tairi, unajaa chini ya madigadi, unakauka hapo, gurudumu linasimama kabisa. Nimeona vijana wakibeba Black Mamba begani, na ile ina madigadi yaliyo mbali na tairi. Baiskeli za Ulaya zina madigadi yaliyobana. Kwa hiyo mwalimu usiulize tu kama tairi litaingia. Uliza litabaki na nafasi kiasi gani kila upande na juu. Mimi nasema ikiwa kidole chako kidogo hakipiti, usije kwetu Aprili wala Mei. Desemba inaweza kuwa kavu, lakini trekta za miwa zinavuta tope mpaka kwenye lami hata wakati wa kiangazi, kwa sababu mashamba mengine yanamwagiliwa.

Njia uliyoichagua ni nzuri sana. Kutoka Londiani unashuka bonde lilelile ambalo reli ilishukia ilipofika Kisumu mwaka wa 1901. Utaona kwa nini waliichagua.

#8 Mwalimu wa Njoro

Nimekaa na rula jioni nzima, na watoto wa jirani wakinishikia taa.

Nina futi 5 na inchi 7, dada, kwa hiyo kidole cha kiatu hakigusi, lakini kwa madigadi kinapita kwa unene wa penseli. Baiskeli ya Ulaya: kati ya mabomba mawili ya nyuma, pale tairi linapopita, nimepata milimita 46. Tairi la 38 litabaki na milimita 4 kila upande, na hapo sijahesabu madigadi. 42 ya Bonde la Ufa haiingii kwangu. La 29 tusilitaje.

Fremu ya 26 ina milimita 68 mahali hapohapo. Hata nikiweka 50 nabaki na 9 kila upande. Kidole cha Mkulima kinakaribia kupita.

Nimepiga pia hesabu ya gia, maana mimi ni mwalimu wa hisabati na sikuweza kujizuia. Gurudumu la 38-622 lina kipenyo cha 698 ukihesabu tairi juu na chini. La 50-559 lina 659. Tofauti ni asilimia 5 na nusu. Kwa meno 28 mbele na 32 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unanipeleka mita 1.92 kwenye kubwa na mita 1.81 kwenye dogo. Sentimita 11 kila mzunguko! Kutoka Njoro hadi Molo barabara inapanda hadi zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, na mimi nina miaka 51. Sentimita 11 hizo nitazichukua kwa mikono miwili.

Nina maswali mawili. Je, siwezi tu kuvua magurudumu ya 26 niyatie kwenye fremu ya Ulaya, ambayo nimeizoea? Na spoki na valvu nizingatie nini?

#9 Fundi Kibuye

Rula uliyoishika jana ni bora kuliko ushauri wangu wote, mwalimu.

Swali la kwanza: hapana. Breki zako zinabana rimu. Rimu ya 559 iko chini kuliko ya 622 kwa milimita 31 na nusu, kwa hiyo mpira wa breki utabana hewa. Hata kama breki zingekuwa za diski, ambazo hazijali ukubwa wa rimu, fremu nzima ingeshuka na pedali ingekwangua barabara kwenye kona. Fremu huchorwa kwa gurudumu lake. Wenye diski wanaweza kubadilishana 622 nyembamba na 584 nene, kwa sababu ukijumlisha tairi vipenyo vinakaribiana: 38-622 ni 698, 54-584 ni 692. Wewe huko haupo.

Spoki. Mzigo wako mwingi uko nyuma. Weka rimu ya matundu 36 nyuma, mbele 32 zinatosha lakini 36 sikatai. Waingereza waliotuletea Black Mamba walizisuka kwa 32 mbele na 40 nyuma, na hawakukosea. Gurudumu la 559 lina spoki fupi kwa sentimita 3 hivi kuliko la 622, na spoki fupi zenye kusimama kwa pembe pana haziyumbi kirahisi. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kukwambia 26, hata kabla ya habari ya tairi.

Spoki ya nyuma ikikatika, mara nyingi ni ya upande wa gia, kwa sababu upande ule umevutwa zaidi. Huwezi kuibadilisha bila kuvua gia, na gia hazivuliki bila spana yake. Beba spana hiyo. Beba spoki 3 za upande ule, za urefu wake hasa, uzifunge kwa tepu kwenye bomba la fremu. Nimeona mtu ana spoki 6 mfukoni na zote ni za mbele. Na kabla hujanunua habu, yaani kitovu cha gurudumu, pima nafasi kati ya miguu ya nyuma ya fremu. Nyingi za milimani ni milimita 135, na za Ulaya kama yako zinaweza kuwa 130. 

Valvu. Baiskeli yako ya Ulaya bila shaka ina zile nyembamba zenye kichwa cha kufungua kwa vidole. Tundu lake kwenye rimu ni milimita 6.5. Kwa safari ya huku nataka tundu la 8.5, liingie valvu ya gari. Sababu yake ni kijana wa pancha za pikipiki. Yuko kila senta kutoka Londiani hadi Busia, na ana kompresa. Tyubu ya Black Mamba nayo, ile ya valvu yenye kipira ndani, shina lake linapita kwenye tundu hilohilo. Tena hapa pana siri nzuri: tairi la 635 halikai kwenye rimu ya 622, lakini tyubu yake inakaa, maana mpira unajinyoosha na kujikunja. Mwenye 622 pana asikatae tyubu ya Black Mamba akikwama.

Ukilitanua tundu kwa drili, pitisha tupa mpaka kidole kisikwaruzike. Ukingo mkali utakata tyubu pale shinani, na pale shinani kiraka hakishiki.

Na breki. Udongo mwekundu wa Kakamega ukiingia kati ya mpira na rimu ni kama msasa. Rimu zako kuukuu, pitisha kidole ubavuni. Ukihisi shimo kama la kijiko, usizisuke upya, nunua nyingine. Rimu iliyoliwa hupasuka siku una upepo mwingi na mteremko mrefu. Kutoka Londiani hadi Muhoroni utashuka karibu mita 1,000, na kubana breki muda wote kunachemsha rimu na upepo ulio ndani. Bana kwa nguvu, achia, bana, achia. Simama Fort Ternan unywe chai, uguse rimu.

#10 Mulembe

Nimefuata uzi huu kutoka Kakamega. Nina moja tu, kuhusu upepo, maana hapo ndipo watu wanaharibu matairi mazuri.

Msilitie tairi upepo kwa kulibonyeza kwa kidole gumba. Kidole kinadanganya, tairi nene linaonekana gumu lingali na upepo kidogo. Fanyeni hivi. Egemezeni baiskeli ukutani bila mzigo, mpime kwa rula kutoka sakafuni hadi ukingo wa rimu. Pakieni mzigo wote, mkae juu, mwenzenu apime tena. Tairi lizame kwa asilimia 15 ya urefu wake. La 50 lizame milimita 7 au 8. Likizama 3 ni gumu mno, litakurusha. Likizama 12 litakunjika, rimu itaiuma tyubu kwenye shimo, na utapata matobo mawili yaliyokaa sambamba kama meno ya nyoka. Mkiyaona hayo mawili mjue mwiba hauhusiki, ni upepo haukutosha.

Mbele itahitaji upepo kidogo kuliko nyuma, kwa kuwa haibebi sawa. Na msizidi kile kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

#11 Nyar Kisumo

Mulembe umesema vizuri kabisa. Niongeze tu miiba: kati ya Mbita na Kendu Bay migunga inadondosha miiba mpaka barabarani. Mimi nilitumia Schwalbe Marathon Plus, ambayo ndani ya meno ina tabaka la mpira wa milimita 5. Ni zito, na kulivalisha kunataka subira. Lakini nimezunguka ziwa mara mbili nalo bila pancha. Mwalimu ukienda Busia kwa lami huhitaji uzito huo wote.

#12 Mwalimu wa Njoro

Nimeamua, na natoa sababu ili anayekuja baadaye azipime.

Naijenga fremu ya 26. Bonde la Ufa, hoja yako ya gurudumu kubwa ni ya kweli na sijaipuuza. Kama fremu yangu ya Ulaya ingepokea 42 na madigadi, ningebaki nayo na tairi la kukunja chini ya mfuko kama wewe. Haipokei. Kipimo cha 46 ndicho kilichoamua, wala si ubishi wa 26 na 28.

Rimu mpya 559 matundu 36 zote mbili, tundu la valvu 8.5. Matairi 50-559 yenye meno laini katikati. Tyubu mbili za valvu ya gari. Spoki 3 na spana ya gia. Kipande cha ubavu wa tairi kuukuu, sentimita 10, cha kuweka ndani likichanika tena.

#13 Mwalimu wa Njoro

Januari njema kwenu nyote. Nimerudi.

Siku saba, pamoja na moja ya kupumzika Kakamega. Nilipima upepo kama Mulembe alivyoeleza, mke wangu akishika rula: psi 45 nyuma, 32 mbele. Sikugusa pampu hadi Kisumu. Mteremko wa Fort Ternan nilisimama mara tatu. Mara ya pili niligusa rimu ya mbele nikaondoa mkono haraka. Mkulima, niliingia njia ya miwa karibu na Chemelil, kilomita 14 za vumbi jeusi laini kama unga. Palikuwa na dimbwi moja tu, na nililivuka nikiwa nimekaa.

Kati ya Kakamega na Mumias nilipatana na wazee wawili wenye Black Mamba na magunia. Tulikwenda pamoja karibu saa nzima. Nilipowaambia habari ya 622 na 635, mmoja alisimama, akalimwagia tairi lake maji ya kunywa, akasugua kwa kidole mpaka tarakimu zikatokea. Akazisoma kwa sauti: arobaini, mia sita thelathini na tano. Alisema amelinunua tairi la namna hiyo maisha yake yote na hajawahi kuziona.

Wakati wa kurudi, nimepita Ugunja sijafika Yala, chupa iliyovunjika ilinikata tairi la nyuma. Nilitia kile kipande cha ubavu ndani, nikafika Yala polepole. Duka la kwanza halikuwa nayo. La pili lilikuwa na 26 x 2.125. Kabla sijatoa pesa nikaligeuza, nikatafuta kistari: 57-559. Lilihitaji vijiko viwili kupanda. Nilipotia upepo lilikaa, na nikaendesha nalo hadi nyumbani, Kericho yote.

Fundi, naomba neno la mwisho. Hili la Yala lina meno makubwa na linavuma kwenye lami. Nilipeleke mbele?

#14 Fundi Kibuye

Liache nyuma, mwalimu. Tairi la mbele likipasuka kwenye mteremko huna la kushika; la nyuma likipasuka unayumba na kusimama. Tairi lililo bora likae mbele daima. La nyuma ndilo linaloisha haraka, kwa hiyo la Yala liliwe hapo hadi uzi uonekane. Ukinunua jipya zuri, litie mbele, la mbele lirudi nyuma. Na lile lililokatwa na chupa usilitupe. Likunje, niletee ukipita Kibuye. Mkato ukiwa mdogo tunalishona kwa uzi wa viatu, ukabaki nalo kama la akiba.